Muulize Mjomba Gitaa: Masikio Yanalia, Roho Inacheka

Mkoba wa barua safari hii umefurika. Tangu AC/DC, bendi ya roki ya Australia, wamalize ziara yao ya Ulaya, iliyoanzia Gelsenkirchen, Ujerumani, tarehe 17 Mei 2024 na kufungwa Dublin tarehe 17 Agosti, wasomaji wa safu hii wameacha kuniuliza habari za nyuzi na amplifaya zinazokoroma. Kila mtu anataka kusimulia. Mmoja kaandika kurasa nne bila nukta hata moja. Mwingine kaleta karatasi yenye neno moja tu, "MJOMBAAAA", na sahihi chini yake. Huyo nimemwelewa kuliko wote.

Kwa wageni: mimi si daktari wala mtabiri. Nilikuwa fundi mitambo, yule mtu anayesimama katikati ya watazamaji nyuma ya meza yenye vitufe tele, ambaye hakuna anayemkumbuka mpaka maikrofoni ipige mluzi. Barua nyingine nimezifupisha, maana matusi ya furaha nayo ni matusi.

Shikamoo Mjomba. Nilikwenda na mume wangu. Kengele kubwa ya jukwaani iliposhuka tu machozi yakanitoka, nikalia mpaka nyimbo mbili zikapita. Yeye alikunja mikono mwanzo hadi mwisho. Njiani akaniambia tulichokiona ni "Angus na wageni wake", na kwamba AC/DC ilizikwa pamoja na Malcolm. Tumenuniana mpaka leo. Nani ana haki?
*Nililia Kwenye Kengele*

Marahaba mwanangu. Kwanza, mume wako anajua anachokisema, kwa hiyo usimjibu kwa kupiga kelele. Hesabu yake ni ya kweli. Kati ya walioianzisha bendi hii Sydney mwaka 1973 amebaki Angus Young, mpiga gitaa, peke yake. Bon Scott, mwimbaji wao wa zamani, alifariki Februari 1980. Malcolm, kaka yake Angus na mwenye bendi hasa, alifariki Novemba 2017 baada ya kuugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Cliff Williams wa besi alistaafu baada ya ziara ya 2016, akajitokeza tena kwenye tamasha moja California Oktoba 2023, na safari hii hakwenda. Besi alipiga Chris Chaney. Kwenye dramu hakuwepo Phil Rudd, alikuwepo Matt Laug. Ukihesabu vichwa, mumeo kashinda.

Ila bendi haihesabiwi kwa vichwa. Muulize: je, alimtazama yule mzee mwenye gitaa aliyesimama nyuma, ubavuni mwa dramu, asiyeruka wala kucheka na mtu? Kiitikio kikifika anakuja mbele kwenye maikrofoni, anaitikia, kisha anarudi kinyumenyume mahali pake pale pale. Huyo ni Stevie Young, mtoto wa kaka yao mkubwa. Angus ni baba yake mdogo, ingawa hawajapishana hata miaka miwili. Mwaka 1988 Malcolm alipokaa kando ili aachane na pombe, Stevie ndiye aliyeshika nafasi yake kwenye ziara ya Marekani. Mwaka 2014 Malcolm aliposhindwa kabisa kuendelea, akaitwa tena, na hajaondoka.

Sasa nikwambie anachokifanya, maana hapo ndipo penye jibu lako. Watu hudhani gitaa la AC/DC limejaa mkwaruzo. Sivyo. Sauti yao ni safi kuliko unavyodhani, ila ni kubwa. Malcolm alifunga nyuzi nene kwenye gitaa lake la Gretsch, akang'oa sumaku za ziada za kunasa mlio wa nyuzi akabakiza moja tu, akapiga mishiko ya A, D na G ambayo mwanafunzi hujifunza wiki ya kwanza. Ugumu uko kwenye kunyamaza. Unapiga, unazikata nyuzi kwa kiganja, unaacha uwazi ili dramu ipite, unapiga tena. Ukiwahi kidogo tu, wimbo unageuka kuwa mbio, ukichelewa, unasinzia. Nimewasikia vijana wenye vidole vya ajabu, wanaoweza kupiga nota ishirini kwa pumzi moja, wakishindwa na kazi hiyo. Stevie haigizi. Amekulia ndani ya ukoo uliolea mdundo huo, na mkono wake wa kulia unajua wapi pa kusimama.

Na mkumbushe mumeo kwamba Brian Johnson, mwimbaji wao, naye aliwahi kuwa mgeni. Aliingia 1980, wiki chache baada ya kumzika Bon, na mikono iliyokunjwa ilikuwepo hata wakati ule. Albamu waliyoitoa Julai mwaka huo huo, Back in Black, ni miongoni mwa zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani.

Kwa hiyo mliwaona AC/DC, na machozi yako yalikuwa mahali pake. Msomee haya, halafu mwache. Mtu anayemlilia Malcolm kwa kununa bado yuko matangani; atamaliza kwa wakati wake.

Mjomba, nilisimama mbele kabisa, upande wa spika. Tamasha lilikuwa juzi, na mpaka sasa masikio yanapiga wiiiii, hasa nikilala. Wenzangu wananiambia hiyo ni zawadi ya roki, nijivunie. Nijivunie?
*Wiiiii*

Jivunie tamasha. Zawadi usiitake.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo chenye umbo la konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Sauti ikiingia vinyweleo vinapinda, na kupinda huko ndiko ubongo unakokusikia. Sauti ikiwa kubwa mno kwa muda mrefu, vinalala. Mara nyingi vinaamka baada ya siku moja au mbili na ule mlio unakwisha. Lakini vingine haviamki, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Hutagundua kesho. Utagundua miaka mingi baadaye, umekaa na watu sita mezani, wanacheka, nawe unacheka kwa kuwafuata tu.

Vipimo nitakupa vichache. Sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inavumilika kwa saa nane. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, una robo saa. Tamasha la roki aghalabu hupita hapo, na wewe ulisimama kwa zaidi ya saa mbili, upande wa spika! Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kumbi mwaka 2022, liliweka wastani wa desibeli 100 kuwa mwisho. Zamani tulikuwa wajinga kwa fahari. Mwaka 1976 bendi ya The Who ilipimwa desibeli 126, umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika, katika uwanja wa mpira wa Charlton, London, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaiandika. Baadaye kitabu hicho kiliifuta rekodi ya namna hiyo kisije kuwashawishi watu kuharibiana masikio. Pete Townshend, mcharaza gitaa wa The Who, amelalamikia masikio yake kwa miaka mingi.

Na huyo Brian uliyekwenda kumshangilia? Mwaka 2016, katikati ya ziara, madaktari walimwambia aache kuimba mara moja au awe kiziwi kabisa. Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, ndiye aliyemalizia tarehe zilizobaki. Brian mwenyewe husema lawama si ya muziki peke yake, ni ya mbio za magari pia, maana aliwahi kuingia mbioni bila kuziba masikio. Amerudi jukwaani kwa msaada wa vifaa vya masikioni vilivyotengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo. Wewe huna fundi wa kukutengenezea.

Kwa sasa yapumzishe. Usivae spika za masikioni, usiende disko wikiendi hii. Mlio ukizidi wiki, nenda kwa daktari wa masikio. Sikio moja likiziba ghafla ukawa husikii, nenda siku hiyo hiyo, usingoje, kwa sababu dawa za hali hiyo hufaa zikiwahiwa.

Safari ijayo nunua vizibo. Vile vya sponji ni rahisi, ila hupunguza zaidi sauti nyembamba na kukuachia mvumo wa besi. Vyenye kichujio ndani hushusha sauti zote kwa usawa, na muziki unabaki muziki. Vya sponji vina namna yake, na wengi huvibandika mlangoni mwa sikio tu wakadhani wameziba. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole mpaka kijae chenyewe. Sauti yako mwenyewe ikianza kuvuma kichwani, kimekaa.

Mjomba Gitaa, habari za kazi. Mimi nilikuwa juu kabisa, nyuma ya uwanja. Nilimwona mpiga dramu akishusha fimbo, na mlio ukaja baada yake, si pamoja. Rafiki yangu anaapa kwamba walikuwa wanaigiza, muziki umetoka kwenye kompyuta. Nimekosa usingizi. Tulidanganywa?
*Mkazi wa Safu ya Mwisho*

Lala usingizi wako. Swali kama hili ndilo lililonifanya nikubali kuandika safu hii.

Mwanga hufika papo hapo. Sauti hutembea, tena si kwa haraka sana: karibu mita 340 kwa sekunde, hewa ikiwa ya joto kidogo inaongeza mwendo. Ukikaa mita 120 kutoka jukwaani, pigo la dramu linakufikia baada ya theluthi moja ya sekunde na ushei. Utaona hiyo si kitu. Lakini wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde tu kati ya pigo na pigo, kwa hiyo fimbo unayoiona na mlio unaousikia vimeachana kwa zaidi ya nusu ya pigo. Ndiyo maana watu wa nyuma wakipiga makofi, wa mbele huwasikia kama wamelewa. Wote wako sawa, kila mmoja na saa yake. Kwa hiyo ulichokiona si ushahidi wa rafiki yako. Kingetokea kwa bendi yoyote, popote.

Zamani tabu hii haikuwa na dawa. Beatles walipopiga Shea Stadium, New York, mwaka 1965, mbele ya watu wapatao 55,000, walikuwa na amplifaya za wati 100 na spika za uwanja zile zile za kutangazia matokeo ya besiboli. Mayowe yaliwafunika. Wenyewe hawakusikiana, sembuse aliyekaa juu kabisa.

Siku hizi utaona minara katikati ya uwanja, imening'inizwa spika juu, watu wengine huichukia kwa sababu inawaziba. Minara hiyo ipo kwa ajili yako, mkazi wa safu ya mwisho. Sauti ya jukwaani ikikufikia imechoka, imepoteza zile nyembamba njiani, upepo umeipeperusha. Mnara unairudishia nguvu. Ila ukiuachia mnara upige palepale jukwaa linapopiga, utasikia kila neno mara mbili, kwanza la mnarani, kisha la jukwaani. Kwa hiyo fundi anauchelewesha. Anapima umbali, anagawa kwa mwendo wa sauti, anaweka mashine ingoje. Halafu, na hapa ndipo penye utamu, anaongeza kidogo tena, kiasi cha elfu kumi au ishirini za sekunde... samahani, sehemu kumi hadi ishirini kati ya elfu moja za sekunde. Kwa nini? Kwa sababu sikio huamini sauti inayotangulia. Ikitangulia ile ya jukwaani, hata ikiwa dhaifu, na ya mnarani ikifuata kwa ukaribu huo, ubongo wako unaziunganisha na kukuambia kwamba yote yametoka jukwaani, kwa Angus, siyo kwenye lile sanduku lililo juu ya kichwa chako. Ukisikia vizuri huku umesahau kwamba mnara upo, mtu fulani kafanya kazi yake vizuri.

Nilikuwa napenda saa ile ya mchana kabla ya milango kufunguliwa. Uwanja mtupu, wimbo mmoja unapigwa na kurudiwa, nami napanda ngazi mpaka juu kwako, nakaa kwenye kiti chako, nafumba macho, naonyesha kwa kidole sauti inakotoka. Kidole kikielekea mnarani, nashuka kurekebisha. Jioni upepo ukigeuka, yote yanaharibika, na hakuna anayekuja kukupa pole.

Mjomba, kengele ile inalia kweli? Na mizinga ya wimbo wa mwisho je, ina risasi?
*Nataka Kujua Tu*

Kengele halisi ilisubiwa mwaka 1980 na wasubu wa John Taylor huko Loughborough, Uingereza, ikiwa na uzito wa takriban tani moja. Mizinga ni fataki, haitoi hata kokoto. Wazo lake linatoka 1981: bendi ilikuwa Paris inatengeneza albamu, runinga ikaonyesha harusi ya Charles na Diana, mizinga ikapigwa London kwa heshima ya maharusi, nao wakasema hiyo hiyo.

Shikamoo Mjomba. Mimi nimelinganisha nyimbo za usiku wetu na za miji mingine. Karibu zote ni zile zile, kwa mpangilio ule ule! Nilidhani tumepata usiku wa peke yetu, kumbe kila mtu kapewa huo huo. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?
*Mlinganishaji*

Marahaba. Hapana, ila nakuelewa.

Bendi ziko za namna mbili. Wapo waliokuwa kama Grateful Dead, ambao kila usiku walipiga kitu kingine, na mashabiki wakawafuata mji kwa mji ili wasipitwe. Bruce Springsteen huokota mabango ya mashabiki yenye majina ya nyimbo na kuzipiga. AC/DC hawajawahi kuwa watu wa namna hiyo. Onyesho lao limefungwa kwenye mitambo: kengele ina zamu yake, taa zina zamu zake, jukwaa la kumnyanyua Angus juu lina zamu yake, na mizinga haipigwi kwa kubahatisha, kuna watu wamesimama karibu nayo. Halafu tazama umri. Kiangazi kile Angus alikuwa na miaka 69 na Brian 76. Mzee anayekimbia na gitaa kwa saa mbili ndani ya sare ya shule amepanga wapi atakimbia na wapi atapumua, na ukimbadilishia wimbo wa nane umemnyang'anya pumzi ya wa tisa.

Usiku wa peke yenu mliupata, lakini haukuwa kwenye orodha. Ulikuwa pale Angus anapobaki peke yake karibu na mwisho, zaidi ya robo saa, anapiga solo, anasimama, anaweka mkono sikioni kuwasikiliza, anawajibu kwa gitaa. Hayo hayafanani mji na mji kwa sababu mayowe hayafanani. Au ile dakika aliyovua tai na kuisugua kwenye nyuzi. Nina hakika sauti iliyotoka usiku wenu haikutoka kokote kwingine, maana hata yeye hawezi kuirudia.

Nitasema na lingine, hata kama litawaudhi: ningependa waache nafasi ya wimbo mmoja tu kila usiku, ubadilike. Mmoja. Wana nyimbo za miaka 50, na kuna nyingine nzuri zinazooza ghalani huku zile zile zikitolewa nje kila jioni.

Mjomba, nina miaka 17. Nimewaonyesha wenzangu video niliyorekodi, wamecheka. Wanasema babu anakoroma, hana sauti. Kwangu mimi usiku ule sauti yake ilikuwa kubwa kama dunia. Nani kasikia vibaya, mimi au wao?
*Shabiki Mdogo*

Wewe ulisikia tamasha. Wao wamesikia simu.

Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea karibu nayo. Ukiipeleka kwenye sauti ya tamasha inazidiwa, vilele vya sauti vinakatwa, na pale linapotokea pigo kubwa la dramu simu inajipunguza yenyewe, kwa hiyo muziki mzima unazama na kuibuka. Besi iliyokutikisa kifua haimo kabisa, spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Na sauti iliyo karibu zaidi kwenye video yako si ya Brian, ni ya yule jamaa wa kushoto kwako anayeimba kwa ufunguo wa peke yake. Wenzako wamemcheka huyo.

Hata hivyo nisikudanganye. Sauti ya mwaka 1980 haipo, na haiwezi kuwepo. Nyuzi za sauti kooni ni misuli iliyofunikwa ngozi laini yenye unyevu. Umri ukienda misuli inapungua, ngozi inakauka na kukosa mnyumbuko, na nota za juu ndizo zinazoanza kuaga. Waimbaji wakongwe wana njia zao. Bendi nyingi hulegeza nyuzi za magitaa kwa nusu toni au zaidi, wimbo ule ule ukashuka kidogo bila watu wengi kujua. Wengine huwaachia watazamaji kiitikio. Jon Bon Jovi alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 2022. Brian ana mzigo mzito kuliko wengi, kwa sababu tangu siku ya kwanza alijiwekea kiwango cha juu kabisa tena kwa mkwaruzo, na hana wimbo laini wa kujifichia.

Mimi nikimsikia siku hizi simsikilizi kama santuri. Nasikiliza anavyokwepa: anakata neno mapema, anarusha nota ya juu mara moja kisha anaishusha ya pili, anatabasamu akijua tumejua. Kuna ufundi humo ambao kijana wa miaka 32 hakuuhitaji. Video yako iweke. Wenzako waambie watafute tiketi.

Tangu nirudi sina raha. Kazini naona kila kitu kimefifia. Ni kawaida?
*Baada ya Mizinga*

Kawaida kabisa. Miezi ulisubiri, usiku mmoja mwili ulijaa msisimko, usingizi ulikatika, na sasa hakuna tarehe mbele ya kuihesabia. Lala vizuri siku mbili tatu. Mtafute mtu uliyekwenda naye mzungumze mpaka mchoke. Usisikilize nyimbo zile kwanza; anza na bendi nyingine. Hali ikidumu wiki kadhaa, hiyo si habari ya tamasha tena, ongea na daktari.

Mjomba, shikamoo. Wakizunguka tena nataka kwenda na binti yangu. Ana miaka sita na anajua kiitikio cha kila wimbo. Mama yake anasema mimi ndiye mtoto. Unashauri nini?
*Baba wa Shabiki*

Marahaba. Mama yake simpingi, lakini inawezekana.

Soma kwanza masharti ya uwanja, kwa sababu vingi haviruhusu watoto wadogo sehemu ya kusimama. Hata vikiruhusu, usimpeleke huko, ataona migongo. Chukua viti vya pembeni, juu kiasi, mbali na spika na karibu na njia ya kutokea. Vizibo vya sponji vya watu wazima havimkai. Mnunulie vifunika masikio vya watoto, vile vikubwa vyenye ukanda wa kichwani, na mvalishe nyumbani siku kadhaa kabla, mkicheza muziki, ili avizoee na asivivue gizani. Kanuni iwe moja na aielewe: vikivuliwa, tunatoka. Nawe vaa vyako, maana atakutazama wewe kabla ya kunisikiliza mimi.

Mwonyeshe mapema picha za mizinga na umwambie itapiga kishindo. Mtoto aliyeambiwa hucheka, ambaye hakuambiwa hulia. Kalale naye mchana, kwa sababu bendi hii haianzi saa ya watoto. Na akisinzia begani kwako kabla ya wimbo wa mwisho, jambo ambalo nakuhakikishia litatokea, muamshe wewe kwa upole. Usiwaachie mizinga kazi hiyo.